Rangi ya Shetani

Mezani pangu hapa Mbinga amesimama askari mwenye mabawa. Kimo chake ni kama dhiraa moja, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mkono wa kulia ameinua upanga, na chini ya miguu yake joka lenye vichwa viwili limejikunja kama chatu aliyemeza mbuzi. Mwili mzima, wa askari na wa joka, ni wa kijivu kama majivu. Mjukuu wangu ndiye aliyekuja naye kutoka masomoni ng'ambo, amemfunga ndani ya sweta ili asivunjike.

"Babu," aliniambia, "kule kuna watu wazima wenye kazi zao na familia zao, wananunua sanamu kama hizi zikiwa hazina rangi, kisha wanazipaka wenyewe usiku. Mama kaniambia wewe uliwahi kumpaka rangi Malaika Mikaeli. Basi nifanyie na huyu."

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mjukuu wangu hajui kwamba Mikaeli yule nilimpaka rangi mara mbili katika mwezi mmoja, wala hajui ni nani aliyenifanya nirudie.

Kazi hii ina historia yake huko Ulaya na Marekani. Zamani walikuwa askari wadogo wa madini ya risasi, vitu vya kuchezea watoto wa wenye nafasi. Mwaka 1974 ukatokea Marekani mchezo uitwao Dungeons & Dragons, ambamo watu huketi kuzunguka meza na kujifanya mashujaa, wachawi na wapiganaji wa majoka, na kila mmoja akataka awe na kisanamu cha mhusika wake. Mwaka uliofuata vijana watatu wa London walianzisha kampuni ya Games Workshop, na mwaka 1979 ikazaliwa Citadel Miniatures kwa ajili ya kusubu visanamu hivyo. Vingi vina urefu wa milimita 28 hivi, na mtu hana budi kushika pumzi anapochora jicho. Lakini wapo wapendao vikubwa kama hiki changu, ambavyo havichezewi kabisa. Hupakwa rangi, vikawekwa kabatini, vikatazamwa.

Mjukuu alinieleza namna wanavyofanya. Kwanza kisanamu hupuliziwa rangi nyeusi kote. Kisha hupuliziwa nyeupe kutoka juu tu, kama jua la saa sita linavyomwangukia mtu. Pale nyeupe ilipotua ndipo penye mwanga, na pale palipobaki peusi ndipo penye kivuli. Baada ya hapo zinafuata rangi zenyewe, zimezimuliwa kwa maji hadi ziwe nyepesi kama maziwa, tabaka juu ya tabaka, ili mikunjo ya nguo na kope za macho zisizibwe. Nilimsikiliza kwa kichwa kilichoinama. Habari hiyo ya rangi nyepesi niliijua kwa gharama yangu mwenyewe mwaka 1976.

Mimi nilizaliwa kule chini, ziwani, katika ardhi ambayo wakati huo haikuwa na jina la Wilaya ya Nyasa. Wilaya hiyo ilikuja kumegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Kwetu watu wamezoea kuona sura katika vitu. Pale Liuli lipo jiwe kubwa ambalo Wajerumani waliliona kuwa ni Sphinx, yule kiumbe wa Misri mwenye kichwa cha mtu na mwili wa simba, wakapaita Sphinxhafen. Ni hapo hapo tarehe 13 Agosti 1914 Kamanda Rhoades, Mwingereza, alipoipiga kwa mzinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa, huku nahodha wake akiwa hana hata habari kwamba vita vimeanza. Lakini hayo ni masimulizi ya siku nyingine.

Kanisa la parokia yetu lilikuwa na sanamu ya Malaika Mikaeli, ya plasta, kimo cha mtoto anayeanza kutembea. Wazee walisema ililetwa ndani ya kreti, imezungukwa na nyasi kavu za Ulaya ambazo watoto waligombania kuzinusa. Malaika alikuwa na uso wa waridi, nywele za manjano kama ndevu za mahindi, na dirii ya buluu. Chini ya mguu wake alilala shetani. Shetani alikuwa mweusi tititi, midomo minene, nywele za kipilipili.

Sisi watoto tulikaa sakafuni, mbele kabisa, na macho ya shetani yalikuwa sawa na macho yetu. Nilikuwa na miaka saba, na baba alikuwa manamba katika mkonge wa Tanga. Sura yake ilikuwa imeanza kunipotea. Jumapili moja nikamwuliza mama, kwa sauti iliyosikika hadi upande wa wanaume, kama yule aliyekanyagwa ndiye anayefanana na baba. Mama alinifinya paja mpaka nikatoa machozi. Hakujibu.

Baadaye sana nilikuja kufahamu sanamu ile ilitoka katika ukoo gani. Mwaka 1635 au karibu na hapo, Guido Reni, mchoraji wa Italia, aliwachorea Wakapuchini wa Roma picha ya Mikaeli akimkanyaga shetani, na picha hiyo ikaigwa ulimwengu mzima. Watu wa Roma walisema kwamba uso wa shetani ni uso wa Kardinali Pamphili, ambaye baadaye alikuwa Papa Innocent wa Kumi. Yawezekana ni maneno ya mitaani tu, lakini yanaonyesha kwamba tangu zamani watu walijua mwenye brashi ana nguvu gani. Katika karne ya 19 zikaja karakana, hasa zile za mtaa wa Saint-Sulpice kule Paris, zikamimina watakatifu wa plasta kwa maelfu katika kalibu moja, wakapakwa rangi na vibarua, wakapakiwa melini kwenda kila palipo na misheni. Wala shetani hakulazimika kuwa mweusi. Michael Pacher wa Tirol, katika karne ya 15, alimpaka kijani kibichi kama chura, na picha hiyo ipo München hadi leo. Weusi ulichaguliwa. Na aliyeuchagua, nadhani, hakuwaza hata dakika moja kuhusu mtoto atakayeketi sakafuni kando ya Ziwa Nyasa.

Mwaka 1976 nilikuwa na miaka 23 na nilikuwa fundi wa kuandika vibao. Vijiji vya ujamaa vilikuwa vinataka majina yao barabarani, ofisi zinataka herufi milangoni, na kazi haikukosekana ila rangi ndiyo ilikosekana. Paa la kanisa lilikuwa limevuja masika mawili, Mikaeli akaanza kubambuka mashavu kama mwenye ugonjwa. Parokia ikaniita.

Nilikuwa na makopo manne ya rangi ya mafuta, aina ile ile ya kupakia baiskeli. Rangi hizo ndizo alizozitumia Edward Saidi Tingatinga, kijana wa Tunduru katika mkoa wetu huu huu wa Ruvuma, alipoanza kuchora wanyama juu ya vipande vya hadibodi Dar es Salaam mwaka 1968. Ni nzuri mno juu ya ubao bapa. Juu ya uso wa plasta wenye kope na mikunjo ya midomo ni balaa. Nilikwangua rangi ya zamani kwa msasa, nikakwangua kupita kiasi, ncha ya pua ikaondoka nayo. Kisha nikapaka nzito. Rangi ikajaza vishimo vyote, na malaika akabaki na uso laini kama yai. Nilitumia siku mbili kuchora upya kwa brashi ya nywele chache kile ambacho fundi wa kwanza alikuwa amekichonga.

Hata hivyo siyo ufundi ulioniponza. Nilikuwa nimekusudia jambo. Malaika nilimpa rangi ya kahawa iliyokaangwa kidogo, rangi ya watu wetu, na nywele zake nikazifanya nyeusi. Shetani nilimwondolea weusi wote. Nikamkumbuka mbuna, wale samaki wa mawe wa ziwani ambao Wazungu huwafuga katika vioo, nikampaka buluu kali na mistari myeusi mbavuni, na tumbo la manjano. Usiku ule nililala kama mtu aliyelipa deni la miaka kumi na sita.

Jumapili ilipofika watu waliingia, wakatazama, wakakaa. Hapakuwa na ghasia yoyote. Mzee mmoja wa kanisa alinipa mkono na kusema kazi ni kubwa, akaangalia pembeni. Nilipofika nyumbani nilimkuta mama amekaa barazani na hajavua kitambaa chake cha kanisani.

"Mwanangu," alisema, "kazi yako nzuri. Ila huyo mimi simfahamu."

Nikamweleza. Nilikuwa nimesoma kidogo, nikasema mengi juu ya ukoloni, juu ya heshima ya Mwafrika, juu ya Azimio. Nikamkumbusha hata kufinywa paja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Miaka tisa baba yako alipokuwa Tanga, nilimpigia magoti yule. Barua ilipokuja, yule ndiye niliyemwambia kwanza. Na baba yako alipofariki, yule ndiye niliyemgombeza. Sasa huyu wako nimwambie nini? Hajui chochote."

Nikamwuliza, kwa uchungu, kama anataka na shetani arudi kuwa mweusi.

"Shetani mpake upendavyo," alisema. "Mimi sikuwahi kumwomba kitu."

Sikukuu ya Mikaeli ni tarehe 29 Septemba. Kabla haijafika niliingia kanisani na taa ya chemli, nikampa malaika uso wa waridi na nywele za manjano. Shetani akabaki buluu. Hakuna aliyewahi kumlalamikia, na watoto walimpenda kupita malaika.

Kwa miaka mingi niliona nimeshindwa. Nafuu kidogo niliipata mbali. Jimbo la Mbinga lilipoanzishwa mwaka 1986, kanisa kuu likawekwa chini ya Mtakatifu Kiliani, na mwaka 1989 tukafanya udugu na Jimbo la Würzburg, Ujerumani, ambako Kiliani huyo aliuawa mwaka 689. Kupitia udugu huo nikapata habari za Tilman Riemenschneider, mchongaji mkuu wa Würzburg, aliyependa kuacha mti wake bila rangi. Kati ya 1490 na 1492 aliwachongea watu wa mji mdogo wa Münnerstadt altare ya namna hiyo. Haikupita miaka mingi wakamkodi Veit Stoss aipake rangi, na juu yake achore picha za kuuawa kwa Kiliani. Stoss mwenyewe alikuwa mchongaji mashuhuri wa Nürnberg, lakini alikuwa ametoboliwa mashavu yote mawili kwa chuma cha moto kwa kosa la kughushi hati. Basi kumbe hata Riemenschneider alipelekewa fundi wa pili! Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa wa kwanza na wa pili.

Nafuu kubwa zaidi niliipata Dar es Salaam, katika Nyumba ya Sanaa, nilipoona kazi za George Lilanga, Mmakonde aliyefariki mwaka 2005. Wengi wetu tukisikia Wamakonde tunawaza mpingo mweusi uliong'arishwa, na wale mashetani waliopindana ambao Samaki Likankoa aliwaanzisha miaka ya 1950. Mpingo haupakwi rangi. Lakini barakoa zao za mapiko huchongwa kwa mti mwepesi na kupakwa, na Lilanga alirudi kwenye mti mwepesi. Alikuwa na shetani wa waridi, wa buluu, wa madoadoa, wana masikio kama majani ya mgomba, wanacheka, wanabeba watoto, wanakunywa pombe. Hawa si yule wa katekisimu. Ni viumbe wa porini, wana ubaya na uzuri wao kama majirani. Nilisimama pale hadi mlinzi akaanza kunifuatafuata.

Mama alifariki mwaka 1998. Mwaka jana niliteremka ziwani, nikaomba kufunguliwa stoo ya kanisa, maana Mikaeli siku hizi anakaa huko pamoja na mabenchi yaliyovunjika. Unyevu umemla tena. Shavuni rangi ya waridi imeinuka na kudondoka, kipande cha ukubwa wa sarafu, na chini yake ile ya kahawa imeshika vizuri sana. Nilikuwa na msasa mfukoni. Niliurudisha.

Joka la mjukuu nimekwisha kulipaka, buluu yenye mistari, nyepesi, tabaka sita. Uso wa askari bado ni wa kijivu. Kijana anaondoka Jumatatu, na kila asubuhi anapita mezani, anatazama, hasemi kitu.