Manowari Katika Mwambao Wetu

Ndugu Muislamu, mambo ya vikwazo hayakuanza na Iraq mwaka 1990. Tarehe 2 Desemba 1888, manowari za Uingereza na Ujerumani zilifunga mwambao wa Sultani wa Zanzibar, Gasi na Vanga zikiwemo. Majahazi yakapekuliwa: watumwa wasitoke, bunduki na baruti zisiingie. Kuzuia utumwa ni haki. Lakini silaha zilizolengwa ni za kina Abushiri, waliopigana na Wajerumani kule Pangani. Za Wajerumani wenyewe hazikuguswa. Oktoba 1889 bahari ikafunguliwa, Desemba Abushiri akanyongwa, na Julai 1895 pwani yetu ikatangazwa himaya ya Mwingereza. Basi vijana, tukisikia nchi inawekewa vikwazo kwa sababu ya silaha, tuulize: huyo anayezuia, zake kaziweka wapi? Wabillahi tawfiq.