Utambuzi wa mozaiki ya jeni

Utambuzi wa mozaiki ya jeni ni upimaji wa maabara unaotafuta mabadiliko ya DNA yaliyomo katika baadhi tu ya seli za mtu. Mwenye hali hiyo ana makundi mawili au zaidi ya seli zenye DNA tofauti, ingawa zote zimetokana na yai moja lililotungishwa.

Chanzo

Kila seli inapogawanyika, DNA yake hunakiliwa, na mara nyingine kosa hubaki. Kosa likitokea baada ya utungisho, hurithiwa tu na seli zitokanazo na seli hiyo. Likitokea mapema katika kiinitete, huweza kuenea sehemu kubwa ya mwili. Likichelewa, huweza kubaki katika tishu moja.

Upimaji

Mashine husoma kila sehemu ya DNA mara nyingi. Badiliko lililorithiwa kutoka kwa mzazi mmoja huonekana katika takriban nusu ya nakala zinazosomwa, lakini la mozaiki kwa kawaida huonekana katika nakala chache zaidi. Kwa mfano, likiwa kwenye kromosomu moja ya jozi katika asilimia 10 ya seli, hutarajiwa katika asilimia 5 ya nakala. Sehemu hiyo ikisomwa mara 30, ni nakala 1 au 2, ambazo huweza kudhaniwa kuwa makosa ya mashine. Ikisomwa mara 1,000, ni nakala 50 hivi. Matokeo yenye shaka huthibitishwa kwa mbinu nyingine, kama vile PCR ya kidijitali.

Uchaguzi wa sampuli

Damu ni rahisi kuchukua, lakini badiliko huenda lisiwemo. Mfano ni ugonjwa wa Sturge-Weber, unaoleta doa jekundu usoni na mara nyingi kifafa na glakoma. Mwaka 2013 watafiti nchini Marekani walilinganisha tishu zenye athari na zisizo na athari za watu walewale, wakagundua badiliko katika jeni GNAQ. Katika tishu zenye athari, lilikuwa katika asilimia 1 hadi 18 hivi ya nakala.

Kinyume chake, damu ya wazee huweza kuwa na mabadiliko yaliyotokea katika seli za damu pekee, yasiyowakilisha mwili mzima.

Umuhimu

Mzazi mwenye afya njema anaweza kuwa na badiliko katika baadhi ya mayai au mbegu zake za uzazi, hata kama halionekani katika damu yake. Hivyo ugonjwa uliompata mtoto mmoja unaweza kumpata mdogo wake pia. Kwa sababu hiyo, jibu la kwamba badiliko halikuonekana linahusu sampuli iliyopimwa na idadi ya mara ilivyosomwa. Peke yake halithibitishi kwamba badiliko halimo mwilini.