Ramani za Nasibu na Mpaka wa Katanga

Mtu ajifunzaye kuandika programu za kompyuta kwa kujiburudisha huweza kuanza na mchezo huu: kuiamuru mashine ichore ramani ya nchi isiyokuwako. Karatasi hugawanywa katika viraba vidogo, kila kiraba hupewa kimo kwa namba za nasibu, kisha vimo hulainishwa ili mlima usichomoze ghafla kando ya bahari. Matone ya mvua huangushwa, na kila tone hufuata kiraba jirani kilicho chini zaidi; hivyo hupatikana mito. Mwisho huja falme. Mipaka yake ndiyo kazi rahisi kuliko zote: kompyuta hufuata mto, au mgongo wa nchi ugawao maji, au mstari ulionyooka, wala hakuna mwenyeji wa kuulizwa.

Kwa msomaji wa Lubumbashi kanuni hizo tatu si ngeni. Ndizo zilizochora mpaka wa Katanga. Mkataba wa tarehe 12 Mei 1894, baina ya Uingereza na mfalme Leopold II, uliamua kwamba mpaka upande mto Luapula kutoka ziwa Mweru hadi unapotoka katika ziwa Bangweulu. Kutoka hapo ushuke kusini kwa mstari wa longitudo hadi kwenye mgawo wa maji ya Kongo na Zambezi. Kisha uufuate mgawo huo hadi milki ya Wareno. Msiri, aliyetawala Bunkeya, alikuwa ameuawa tarehe 20 Desemba 1891.

Husemwa mara kwa mara kwamba mipaka ya Afrika ilichorwa ovyo. Kwa upande wa Katanga sikubaliani na neno hilo. Mpaka huu una kanuni kupita kiasi; kilichokosekana ni ujuzi wa nchi yenyewe. Bangweulu limezungukwa na vinamasi vipana, na mahali mto unapoliacha ziwa hapaonekani kwa urahisi. Hata hivyo mstari mzima wa longitudo ulitundikwa juu ya nukta hiyo. Mgawo wa maji nao ulipimwa na tume ya Waingereza na Wabelgiji kati ya 1911 na 1914, wakati Elisabethville ilikuwa imekwisha kuanzishwa na reli ya kutoka kusini imekwisha kufika, yote mwaka 1910. Mvua inyeshayo upande wa mji huu huenda Kafubu, Luapula, hata Atlantiki. Ile ya upande wa pili huingia Kafue na Zambezi, hata Bahari ya Hindi. Shaba iliyo ardhini haikugawanyika kwa kufuata maji; imelala pande zote mbili.

Hapa yafaa kuikumbuka ramani nyingine, ya 1856, ambayo wamisionari Erhardt na Rebmann waliitunga kwa kuwahoji wafanyabiashara wa misafara wa pwani. Ilionyesha bahari moja kubwa katikati ya bara, yenye umbo la konokono asiye na koa, na ilidhihakiwa kwa hilo. Kosa lilikuwa kuunganisha maziwa kadhaa kuwa moja. Lakini ilitokana na kuuliza, na kwa sababu hiyo ilisahihishika: mwaka 1858 Burton na Speke walifika Tanganyika, na Speke akaliona ziwa Nyanza. Mkataba wa 1894 haukuwa na mlango wa namna hiyo. Mchezaji wa kompyuta asiyeridhika hubadili namba ya mwanzo, akapata dunia nyingine.

Mstari ule ulizaa kipande kirefu cha Kongo kilichochomeka ndani ya Zambia. Msafiri atokaye Mufulira kwenda Mansa kwa njia fupi huingia Kongo kwa Mokambo, hupita kilomita zipatazo 70, kisha hutoka tena kwa Chembe. Hadi 2008 alivuka Luapula kwa pantoni. Mwaka huo daraja likafunguliwa. Walamba, ambao nchi yao ilikuwa huku na huku kabla ya mkataba, wamo pande zote mbili hadi leo, na anayekwenda kumzika nduguye ng'ambo ya pili hana budi kuonyesha karatasi zake.