Jagina Asiyekufa: Mighani ya Wachina Katika Mchezo wa Simu

Mtahiniwa akiulizwa ataje sifa za mighani, aghalabu hujibu bila kusita: mhusika mkuu ni jagina, ana nguvu zisizo za kawaida, hutetea jamii yake, na mara nyingi huwa na siri ambayo adui akiijua jagina huangamia. Sifa hii ya mwisho ndiyo inayotushughulisha katika makala haya. Tunakusudia kuchunguza yaliyowapata majagina wa Uchina walipoingizwa katika mchezo wa simu za mkononi uitwao Wangzhe Rongyao, jina ambalo maana yake ni utukufu wa wafalme. Nje ya Uchina mchezo huo hujulikana kama Honor of Kings. Huenda baadhi ya walimu wakauliza mchezo wa vijana una uhusiano gani na somo la fasihi. Uhusiano upo tena ni wa karibu. Mchezo huu ulichukua mali ya fasihi simulizi na fasihi andishi ya taifa zima, na kufikia Novemba 2020 kampuni inayoumiliki ilitangaza kuwa watu milioni 100 kwa wastani walikuwa wakiucheza kila siku. Hakuna utendi wala riwaya iliyowahi kupata hadhira kama hiyo kwa siku moja.

Kwanza tuueleze mchezo wenyewe, kwa kuwa wengi wetu tumeuona kwa mbali tu, tukichungulia juu ya bega la kijana. Wachezaji ni kumi, watano kila upande. Kila mmoja huchagua shujaa wake na kumwongoza katika uwanja wenye njia tatu zinazolindwa na minara. Upande unaobomoa minara ya wapinzani na hatimaye fuwele iliyo katika ngome yao ndio unaoshinda. Shujaa akiuawa haondoki mchezoni. Mchezaji husubiri sekunde kadhaa, kisha shujaa wake hufufuka ngomeni na kurudi vitani. Mwalimu aliweke jambo hili akilini, maana tutalirejelea.

Chimbuko la mchezo wa aina hii si Uchina. Mwaka 2002 kampuni ya Blizzard ya Marekani ilitoa mchezo wa tarakilishi uitwao Warcraft III, wenye ulimwengu wa njozi uliojaa mazimwi na wachawi. Pamoja na mchezo huo, wanunuzi walipewa zana za kujitengenezea ramani zao wenyewe. Kutokana na zana hizo mashabiki walizua DotA mwaka 2003, mchezo ndani ya mchezo, kama vile hadithi inavyoweza kuzaa hadithi nyingine ndani yake. Mwaka 2009 kampuni ya Riot Games, pia ya Marekani, ikatoa League of Legends kwa mfano huohuo. Tencent ya Uchina ilinunua sehemu kubwa ya hisa za Riot mwaka 2011. Hatimaye, Novemba 2015, studio ya TiMi iliyo chini ya Tencent ikatoa Wangzhe Rongyao kwa ajili ya simu. Kidole gumba cha kushoto humwendesha shujaa, cha kulia hupiga. Pambano lilifupishwa likawa la takriban robo saa, muda ambao abiria anaweza kuumaliza garini.

Mabadiliko ya pili ndiyo yanayotuhusu sisi wa fasihi. Wamarekani walilazimika kubuni wahusika wao kuanzia mwanzo. Studio ya TiMi ilikuwa na ghala lililojaa. Ilimchukua Li Bai (701–762), mshairi wa enzi ya Tang anayejulikana kwa tungo za mvinyo na mwezi, ikamfanya muuaji wa upanga. Ilimchukua Bian Que, tabibu wa kale, ikamtia sumu mikononi. Ilimchukua Sun Wukong, yule tumbili wa riwaya mashuhuri ya karne ya 16 kuhusu safari ya mtawa kwenda kutafuta maandiko ya Kibudha. Na Guan Yu, jemadari aliyeuawa yapata mwaka 220 ambaye baadaye watu walimjengea mahekalu. Wote hao wamekusanywa katika bara moja la kubuniwa, na watu walioachana kwa zaidi ya miaka elfu moja hukutana uwanjani asubuhi moja. Kwa haki, upanga wa Li Bai haukuokotwa hewani. Yeye mwenyewe aliandika katika barua kwamba alipenda kujifunza upanga tangu ujana. Sumu ya Bian Que ni vigumu zaidi kuitetea.

Aliyezua utata mkubwa ni Jing Ke. Kisa chake kilisimuliwa na mwanahistoria Sima Qian, aliyeandika yapata mwaka 100 K.K. Mwaka 227 K.K., mwanamfalme Dan wa dola ya Yan alimtuma Jing Ke akamuue Ying Zheng, mfalme wa Qin, ambaye majeshi yake yalikuwa yakimeza dola moja baada ya nyingine. Ili akubaliwe mbele ya mfalme, Jing Ke alibeba zawadi mbili. Ya kwanza ilikuwa kichwa cha Fan Yuqi, jemadari aliyemtoroka mfalme huyo na ambaye alijiua kwa hiari ili kichwa chake kitumike. Ya pili ilikuwa ramani ya ardhi ambayo Yan ilijifanya kuitoa, na ndani ya ramani mlikuwa na jambia lenye sumu. Waliomsindikiza hadi Mto Yi walivaa nguo nyeupe, ambazo kwa Wachina ni nguo za matanga. Yaani walimfanyia maziko akiwa hai, na yeye akijua. Huko Qin, ramani ilipokunjuliwa hadi mwisho, jambia likaonekana. Jing Ke akashika mkono wa joho la mfalme, joho likararuka. Mfalme akakimbia akiizunguka nguzo, upanga wake mrefu ukikataa kutoka alani, huku maafisa wake wakiwa mikono mitupu kwa sababu sheria iliwakataza kuingia na silaha. Tabibu wa mfalme akamtupia Jing Ke mkoba wa dawa. Mfalme akapata nafasi, akauchomoa upanga, na Jing Ke akauawa. Miaka sita baadaye, mwaka 221 K.K., Ying Zheng akawa mfalme mkuu wa kwanza wa Uchina nzima.

Katika mchezo, Jing Ke alitokea akiwa mwanamke kijana mwenye visu viwili, ambaye pigo lake huwa kali zaidi akimvizia adui kutoka nyuma. Machi 2017 gazeti la Guangming Daily lilichapisha lawama kali, likiuliza kama watoto wa shule za msingi wanaoucheza mchezo huu bado wataweza kuijua historia sawasawa. Tencent ikabadilisha jina: mhusika akaitwa A Ke, mwanamke yuleyule. Julai mwaka huohuo mtandao wa People's Daily, gazeti la chama tawala, nao ukaushambulia mchezo, na hisa za Tencent zikashuka kwa takriban asilimia 4 kwa siku moja. Wakati huo kampuni ilikuwa imeweka mipaka: saa moja kwa siku kwa walio chini ya miaka 12, saa mbili kwa walio kati ya 12 na 18. Serikali ilikaza kamba zaidi Agosti 2021, ikiwaruhusu walio chini ya miaka 18 kucheza michezo ya mtandao kati ya saa mbili na saa tatu usiku tu, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu.

Je, lawama hizo zina mashiko kihakiki? Kwa maoni yangu, lile la jinsia halina uzito mkubwa. Fanani amekuwa akibadilisha wahusika tangu jadi, na Wachina wenyewe ndio mfano bora. Chen Shou aliandika tarikhi ya zile Dola Tatu katika karne ya tatu. Katika enzi ya Song walikuwako wasimulizi wa mijini waliobobea katika visa hivyo pekee, wakivisimulia sokoni mbele ya hadhira iliyolipa. Katika karne ya 14 riwaya inayonasibishwa na Luo Guanzhong ikavikusanya. Njiani mengi yaliongezwa. Diaochan, mrembo anayewagombanisha majemadari wawili katika riwaya hiyo, hana msingi katika tarikhi isipokuwa kijakazi mmoja asiye na jina. Hata hivyo hakuna gazeti linalomshtaki mwandishi kwa kumbuni. Anayemlaumu TiMi kwa kubadilisha hana budi kueleza kwa nini msimulizi wa Song asilaumiwe.

Tofauti iko kwingine, na magazeti yaliipita. Wasimulizi wote hao, pamoja na uhuru waliojipa, hawakugusa mwisho. Guan Yu hunaswa na kukatwa kichwa katika tarikhi, na hunaswa na kukatwa kichwa katika riwaya. Jing Ke hushindwa. Tukiondoa kushindwa kwake hatubakiwi na kisa: nguo nyeupe pale mtoni hazina maana, kichwa cha Fan Yuqi kimetolewa bure, na joho lililoraruka ni joho tu. Katika mchezo jambia lake hufika au halifiki kutegemea wepesi wa kidole, na akiuawa hufufuka baada ya sekunde chache. Zaidi ya hayo, Ying Zheng naye ni shujaa katika mchezo huohuo, mchawi mwenye panga zirukazo. Hakuna kanuni inayomzuia mchezaji kumpanga A Ke na Ying Zheng timu moja, wakabomoa ngome pamoja kama ndugu.

Sababu ya hali hii si uzembe wa kiutunzi. Ni mashindano. Ligi ya wachezaji wa kulipwa, King Pro League, ilianzishwa mwaka 2016. Katika Michezo ya Asia iliyofanyika Hangzhou mwaka 2023, toleo la mchezo huu lilikuwa miongoni mwa yaliyoshindaniwa medali, na Uchina ikatwaa dhahabu. Novemba 2025 fainali ya ligi iliwavuta watazamaji zaidi ya 60,000 katika Uwanja wa Taifa wa Beijing, ule uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 2008. Mashindano ya namna hii yanadai usawa. Studio hupunguza nguvu za shujaa anayeshinda kupita kiasi na kumwongezea anayeshindwa mno. Jing Ke aliyeandikiwa kushindwa hangechaguliwa na mchezaji yeyote. Kwa hiyo ajali, ambayo ndiyo mhimili wa mighani, ni kitu cha kwanza kuondolewa, na kinachobaki kwa jagina ni jina, vazi na silaha. Kwa istilahi za darasani, mhusika duara amegeuzwa bapa, na si kwa sababu mtunzi hakujua kumsawiri.

Mwalimu wa Kiswahili ana kipimo chake karibu. Tumtazame Fumo Liyongo jinsi anavyosimuliwa katika utendi uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Tuseme studio fulani inataka kumwingiza Liyongo katika mchezo kama huu. Urefu wake utahifadhiwa, nguvu zake pia, na upinde wake. Hata ile hila ya kutoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate inaweza kufanywa mbinu ya mchezo. Tatizo litaanzia kitovuni. Siri ya Liyongo ni kwamba huuawa kwa sindano ya shaba ikidungwa kitovuni, na anayemdunga ni mwanawe aliyehadaiwa na mfalme wa Pate. Mtengenezaji wa mchezo ama ataifuta siri hiyo, ama ataifanya udhaifu wa kawaida ambao mpinzani yeyote anaweza kuulenga. Kwa njia zote mbili mwana ametoweka, na usaliti wake umetoweka naye.

Wazo hili si la kuota tu. Kampuni ya Leti Arts, iliyoanzishwa na Eyram Tawia wa Ghana na Wesley Kirinya wa Kenya, imewahi kuwaingiza Ananse na Shaka katika mchezo wa simu uitwao Africa's Legends. Waafrika wengine watafuata, na ni vyema wafuate. Ananse, kwa tabia yake, hataumia sana. Ngano za hila zimemzoesha kunaswa leo na kuonekana tena kesho katika ngano nyingine, na hadhira haishangai. Ngano na mighani hazidhuriki kwa kiasi kimoja zikiingia simuni. Nadhani tofauti hii inamfafanulia mwanafunzi mipaka ya vipera hivi viwili kuliko orodha ya sifa tunayomkaririsha.

Walimu wanaweza kulifanya hili kuwa zoezi bila simu yoyote kuingia darasani, maana shule nyingi za upili haziziruhusu. Wanafunzi wapewe jagina mmoja waliyemsoma, kisha waeleze ni nini kitabaki na nini kitapotea akifanywa shujaa wa mchezo ambao kila anayekufa hufufuka. Kwa Liyongo, jibu zuri litafika hadi kisimani. Baada ya kudungwa, Liyongo anakwenda na upinde wake, anapiga goti, anaelekeza mshale na kufia hapo. Watu wanaogopa kuteka maji kwa siku kadhaa wakidhani yu hai. Katika mchezo wa simu mwili wa aliyeuawa huondolewa uwanjani papo hapo, kwa hiyo kisima hicho hakina pa kuwekwa. Zoezi lenyewe lafaa litolewe baada ya mighani kusomwa hadi mwisho, si kabla.