Potenshiomita: Jina la Kipimo Lililohamia Kwenye Gitaa

Mpelekee fundi redio gitaa la umeme linalokwaruza, atakwambia volyumu imechoka. Akilifungua, huenda iliyochoka ikawa ni ya toni, naye ataiita hivyo hivyo: volyumu ya toni. Hajakosea sana. Kifaa ni kile kile, kikopo cha bati chenye mhimili wa kuzungusha na miguu mitatu, na magitaa yalikichukua kutoka kwenye redio. Leo Fender, muunda magitaa, mwenyewe alikuwa fundi redio, mwenye karakana mjini Fullerton, California, tangu 1938. Gitaa lake la Stratocaster lilipotoka mwaka 1954 lilikuwa na volyumu moja na toni mbili, na zote tatu zilikuwa kifaa hicho hicho.

Jina lake la kitabuni ni potenshiomita. Aliyesoma fizikia hadi kidato cha sita amekutana nayo kwa sura nyingine: waya uliotandazwa juu ya ubao wa mita moja, na kijiti cha chuma unachokisogeza kutafuta pale sindano ya galvanomita inaposimama kwenye sifuri. Chombo hicho cha kupima volti kilielezwa na Mjerumani Johann Christian Poggendorff mwaka 1841. Kunja waya ule uwe duara, weka utepe wa kaboni mahali pake, uufunge ndani ya kikopo, na umepata kinachokaa kwenye gitaa. Miguu ya pembeni ni ncha mbili za utepe. Mguu wa kati umeungana na ulimi unaoteleza juu yake. Kazi ya kupima imeachwa maabara, jina limebaki.

Ndiyo maana sipendi kukitafsiri kwa kufuata jina hilo. Kipimavolti kingempoteza msomaji. Wapo wanaopendekeza kikinza geu, yaani kikinza ambacho ukinzani wake unabadilika, na tafsiri hiyo inakaa vizuri kwenye toni, kwa sababu toni hutumia miguu miwili tu: unapozungusha, unapunguza au kuongeza ukinzani ulio njiani kuelekea kwenye kapasita. Volyumu hutumia miguu yote mitatu. Yenyewe inagawa volti zinazotoka kwenye pikapu (hii ni ile ya sumaku chini ya nyuzi, si gari), sehemu ikaenda kwenye amplifaya na sehemu ikaishia ethi. Hicho ni kigawa volti. Kifaa kimoja, kazi mbili, na kila tafsiri inashika moja. Nabaki na potenshiomita kwenye maandishi na poti mbele ya fundi.

Na fundi atakuuliza: poti ya ngapi? Hapo ndipo wapiga gitaa wengi wanapokwama, kwa kudhani namba iliyopigwa mgongoni ni nguvu ya sauti. Ni ukinzani wa utepe mzima, kutoka ncha hadi ncha. Hata ukiifungulia volyumu mpaka mwisho, utepe huo bado umeungana na ethi, kama bomba lenye tundu dogo lisilozibika. Kinachovuja zaidi ni trebo. Pikapu na kebo kwa pamoja huwa na kilele cha mwitikio, mara nyingi kati ya kilohezi 2 na 5, na kilele hicho ndicho kinacholipa gitaa ukali wake. Ukinzani mdogo hukisawazisha. Mkubwa hukiacha kisimame.

Hesabu yenyewe ni fupi. Volyumu ya kilo-omu 250 na toni ya kilo-omu 250, zote zikiwa wazi kabisa, pikapu inaziona kama kilo-omu 125. Zikiwa za 500, inaona 250. Pikapu za koili moja kama za Stratocaster zina ukali wa kuzaliwa, hivyo hupewa 250 ili zisichome masikio. Hambaka, pikapu ya koili mbili ambayo Seth Lover aliibuni kwa kampuni ya Gibson mwaka 1955 kuua mvumo wa umeme, kwa kawaida ina sauti nzito zaidi, na 500 huisaidia kupumua. Fender walikwenda mbali zaidi kwenye gitaa lao la Jazzmaster la 1958, wakaweka megaomu 1 kwenye saketi lake kuu. Pikapu zenye betri, kama za EMG, ziko nje ya hesabu hii: kikuzaji chake cha ndani hakielemewi, na poti zake ni za kilo-omu 25. Mpiga solo wa rumba anayetaka kila noti ya sebene isikike juu ya ngoma, akiwa na hambaka, asikubali kuwekewa 250 kwa sababu tu ndizo zilizopo dukani.

Namba hiyo nayo usiiamini kwa macho. Poti nyingi huuzwa zikiwa na ruhusa ya asilimia 20 juu au chini, kwa hiyo ya 500 inaweza kusoma 400 au 600 na bado ikahesabiwa nzima. Beba testa.

Testa hiyo hiyo itakuonyesha jambo la pili, mwendo wa utepe, yaani jinsi ukinzani unavyobadilika unapozungusha. Herufi A kwenye poti kwa kawaida ni logi, B ni linia, ila kwenye vifaa vya zamani vya Ulaya herufi hizo ziliweza kuwa kinyume, basi pima. Zungusha mhimili hadi katikati, gusa mguu wa kati na mmoja wa pembeni, kisha wa pili. Namba zikikaribiana, ni linia. Upande mmoja ukisoma kama kilo-omu 50 au 75 na mwingine zaidi ya 400, hiyo ni logi ya 500. Sikio halihesabu sauti kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo volyumu ya linia hukaa karibu vile vile kwa sehemu kubwa ya mzunguko, halafu huporomoka ghafla karibu na mwisho. Wengi huweka logi kwenye volyumu na toni pia. Anayependa kupandisha sauti taratibu kwa kidole kidogo huku akipiga huenda akaipenda linia, na simlaumu.

Ukipunguza volyumu na trebo ikatoweka, usikimbilie kununua poti nyingine. Kebo ndiyo inayoimeza. Kapasita ya pikofaradi 680 hadi 1000, ikiunganishwa kati ya mguu wa kuingizia na ule wa kati, huirudisha.