Subira

Subira ni uwezo wa mtu kukaa na jambo ambalo bado halijatimia, au linalomchosha na kumuudhi, bila kuharibu kazi yake, kauli yake wala uhusiano wake na wenzake. Si kukaa kitako. Mkulima aliyekwisha panda, mgonjwa aliye katikati ya dozi na mzazi anayemfundisha mtoto kusoma, wote wanasubiri huku mikono iko kazini. Waswahili wameithamini sifa hii kiasi cha kuwapa watoto wa kike jina la Subira.

Mwanasaikolojia wa Marekani Sarah Schnitker, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2012, alitofautisha subira ya aina tatu: mbele ya watu wanaotuudhi, katika masaibu makubwa ya maisha, na katika kero ndogondogo za kila siku kama foleni au gari lililochelewa. Mgawanyo huu unasaidia, kwa sababu mtu aweza kuwa imara katika aina moja na dhaifu katika nyingine. Wapo waliouguza mzazi kwa miaka bila kunung'unika, ambao hata hivyo hupandisha sauti wakichelewa kidogo kituo cha daladala. Kwa hiyo si haki kumpima mtu subira yake yote kwa tukio moja.

Pepo na mikarafuu

Katika mwambao wa Afrika Mashariki, subira ilikuwa sehemu ya elimu ya bahari kabla ya kuwa somo la maadili. Majahazi kutoka Oman, Ghuba na Bara Hindi yalishuka na kaskazi, upepo unaovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kurejea kwao na kusi, unaoanza mnamo Aprili. Hakuna nahodha aliyeweza kuuharakisha upepo. Tena kusi yenyewe ilitaka busara: katikati ya msimu, Juni na Julai, bahari huchafuka mno, kwa hiyo aliyekosa kuondoka mapema alilazimika kungoja hadi upepo upungue. Miezi hiyo haikupotea bure. Chombo kilipandishwa pwani, kikakalafatiwa na kupakwa deheni, matanga yakashonwa, madeni yakalipwa na mapya yakafungwa. Wageni walioa, wakazaa, wakajifunza lugha. Sehemu kubwa ya ujamaa unaoziunganisha Lamu, Mombasa na Unguja na miji ya ng'ambo ilijengwa na watu waliokuwa wakisubiri upepo ugeuke.

Karafuu nayo ina somo lake. Mkarafuu uliopandwa leo hautoi mazao ya maana kabla ya miaka sita hadi minane. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mashamba yake ya karafuu. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo imekuwa ikitoa karafuu nyingi zaidi. Aliyepanda upya Unguja baada ya kimbunga kile alikuwa anajua kwamba kabla ya kuchuma chochote atapalilia kwa miaka. Hata msimu unapofika, mambo hayaendi kwa pupa. Karafuu huchumwa ikiwa tumba lililojaa na kuanza kubadilika rangi, kabla halijachanua. Ukiiwahi, uzito na mafuta hayajatimia. Ukiichelewesha, ua limefunguka na thamani imeshuka. Kisha huanikwa juani siku kadhaa, mtu akiitazama mbingu. Mwenye subira katika kazi hii ni yule anayejua siku ya kupanda mti na ngazi, na siku hiyo ikifika hangoji tena.

Katika dini

Mapokeo ya Kiislamu na ya Kikristo yanaipa subira nafasi kubwa, na mifano yake inafahamika hadi kwa watoto wa chuoni. Jambo ambalo mara nyingi husahaulika ni kwamba wenye subira katika masimulizi haya hawakuwa watu wa kunyamaza. Nabii Yaqub, katika Sura Yusuf, alilia hadi macho yakaingia weupe, na bado aliwatuma wanawe wakamtafute ndugu yao wala wasikate tamaa. Ayubu wa Biblia analalamika mbele ya Mungu kwa sura nyingi. Ayub wa Kurani anamlilia Mola wake kuwa dhara imempata. Kisa hicho kilitungiwa utendi wa Kiswahili, ambao Alice Werner aliuchapisha mwanzoni mwa miaka ya 1920. Waraka wa Yakobo, kwa upande wake, unamtolea mfano mkulima anayengoja mvua za kwanza na za mwisho. Kulia, kuuliza na kutafuta njia havimtoi mtu katika subira. Wanaowaambia wafiwa wasilie ili waonekane wana subira wanawaongezea mzigo.

Watoto, peremende na ahadi

Utafiti wa subira uliopata umaarufu kuliko yote ni ule wa Walter Mischel, uliofanyika mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika shule ya awali ya Bing, Chuo Kikuu cha Stanford. Mtoto wa umri wa miaka minne hivi aliachwa chumbani na kitu kitamu, akaahidiwa kwamba akingoja mpaka mtu mzima arudi atapata viwili badala ya kimoja. Waliofaulu kungoja walikuwa na mbinu: walifumba macho, waliimba, walijigeuza wasikione kile kitamu. Huu ni ugunduzi wenye faida kwa kila mzazi, maana unaonyesha kwamba kungoja ni ufundi, na ufundi hufundishika.

Ilipofika 1990, watafiti waliripoti kwamba watoto waliongoja zaidi walikuwa wamefanya vizuri zaidi masomoni walipokua, na dunia ikadaka habari hiyo kana kwamba hatima ya mtu husomwa akiwa na miaka minne. Mwaka 2018 Tyler Watts, Greg Duncan na Haonan Quan waliurudia uchunguzi huo kwa watoto zaidi ya 900 wa hali mbalimbali za maisha. Uhusiano waliouona ulikuwa kama nusu ya ule wa mwanzo, na ulipungua sana walipozingatia hali ya familia na malezi ya nyumbani.

Lakini utafiti wenye uzito zaidi kwa maisha ya kila siku ni wa Celeste Kidd na wenzake, uliotolewa 2013. Watoto 28 waligawanywa makundi mawili. Kabla ya kungoja kitu kitamu, kila mtoto aliahidiwa vifaa bora vya kuchorea. Kundi moja lililetewa. Kundi la pili liliambiwa, samahani, vimekosekana. Ndipo likaja jaribio lenyewe. Waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani wa dakika 12 hivi, na waliovunjiwa walingoja dakika 3 tu. Watoto wa kundi la pili hawakuwa na kasoro ya tabia. Walikuwa wamejifunza, na hesabu yao ilikuwa sahihi: neno la mtu huyu halitegemeki, heri ya mkononi.

Afrika nayo imechunguzwa. Bettina Lamm na wenzake, mwaka 2018, waliwalinganisha watoto wa Kijerumani na watoto wa jamii ya Nso ya Kameruni. Takriban asilimia 70 ya watoto wa Nso walingoja hadi mwisho, wakati kwa wale wa Kijerumani walikuwa chini ya asilimia 30. Mtoto wa Nso hulelewa tangu uchangani kutuliza hisia zake na kuwasikiliza wakubwa.

Kwa ushahidi huu, kumwambia mtu "kuwa na subira" bila kuangalia amewahi kuahidiwa nini na nani ni kumwonea. Subira ya mtu mmoja husimama juu ya uaminifu wa mwingine.

Mchezo wa fedha

Hakuna mahali jambo hili linaonekana wazi kuliko katika upatu, ambao Tanzania huitwa pia mchezo au kibati na Kongo likelemba, na ambao vyama vingi vya Kenya huuendesha. Watu 12 wanaotoa shilingi 50,000 kila mwezi humkabidhi mmoja wao shilingi 600,000, kwa zamu, mpaka wote wapate. Wa kwanza amekopeshwa bila riba. Wa kumi na mbili amekopesha wenzake mwaka mzima, na dhamana pekee aliyonayo ni kuwafahamu. Ndiyo maana kijumbe, anayekusanya fedha na kupanga zamu, huchaguliwa kwa kuchunguzwa sana. Akitokea mmoja aliyekula mapema akaingia mitini, mchezo hufa, na waliobaki hawarudii kwa wepesi.

Palipokosekana mchezo wa kuaminika, wengi hukimbilia mikopo inayoitwa kausha damu, ambapo fedha hutoka siku hiyohiyo na riba hummaliza mkopaji. Ni rahisi kumlaumu kwa pupa. Mara nyingi hakuwa na mtu wa kumngojea wala kitu cha kungojea.

Dozi na foleni

Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi sita: miwili ya mwanzo kwa dawa nne, minne inayofuata kwa dawa mbili. Baada ya wiki chache kikohozi hupungua, hamu ya chakula hurudi, na mgonjwa hujiona amepona. Hapo ndipo hatari ilipo. Vimelea waliobaki, wakiachiwa nafasi, wanaweza kujenga usugu, na kifua kikuu sugu ni kigumu zaidi kutibu. Mgonjwa anayemeza vidonge mwezi wa tano, hana dalili yoyote, anafanya kazi ngumu isiyoonekana, na anastahili mtu wa nyumbani wa kumkumbusha na kumtia moyo.

Foleni ni jambo dogo zaidi, ila linagusa kila mtu. David Maister, katika andiko lake la 1985 kuhusu saikolojia ya kungoja, alieleza kwamba muda huonekana mrefu zaidi pale mtu asipojua atangoja hadi lini, asipoelezwa sababu, au anapoona wengine wanapitishwa mbele isivyo haki. Kumbe sehemu kubwa ya subira ya wananchi imo mikononi mwa aliye dirishani. Kadi ya namba na neno moja la kweli, kwamba daktari yuko chumba cha upasuaji na atatoka baada ya saa moja, huwatuliza watu kuliko tangazo la kuwataka wawe wavumilivu.

Mipaka yake

Methali za Kiswahili zinazishika pande zote mbili. Subira huvuta heri, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtu mzima mwenye hekima hutazama jambo ndipo achague ya kutumia.

Pamoja na heshima yote ambayo subira inastahili, imetumiwa pia kuwafunga watu midomo, na walioumia zaidi ni wanawake. Bibi harusi husikia neno "vumilia" kwa somo wake, kwa shangazi, kwa mama mkwe. Likihusu umaskini wa mwanzo wa ndoa au tofauti za tabia, ni ushauri mwema. Likihusu kipigo, ni kumkabidhi kwa anayemuumiza, na aliyelitamka anabeba sehemu ya dhambi hiyo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inatamka kwamba mwenzi yeyote hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Mwanamke anayekwenda kituo cha polisi baada ya kipigo cha kwanza, na jirani anayemsindikiza, hawajapungukiwa na subira.