Kabla ya kulivalisha gari la kasi matairi mapana Tabora

KWA miaka mingi, mwenye gari la kasi mjini Tabora hakuwa na sababu kubwa ya kuwazia matairi mapana. Sehemu ya barabara ya kwenda Manyoni ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa mvua, na tairi pana lenye ubavu mfupi halina maisha marefu mahali pa namna hiyo. Kipande cha lami cha kilometa 85.4 kati ya Nyahua na Chaya kilizinduliwa Mei 2022. Tangu hapo gari linaweza kutoka Tabora hadi Dar es Salaam kwa njia ya Manyoni bila kuiacha lami.

Lami hiyo, iliyonyooka na yenye vijiji vichache, humshawishi dereva kukanyaga mafuta. Humshawishi pia kubadili matairi. Gari linalofaa kwa mfano ni Subaru Impreza WRX STI ya miaka ya 2000, mojawapo ya magari ya kasi yanayoagizwa yakiwa yametumika kutoka Japani. Gari hili lilitoka kiwandani na tairi la 225/45R17. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 45 ya upana huo. Herufi R huonyesha namna nyuzi za tairi zilivyopangwa, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Kosa linalorudiwa sana ni kubadili namba ya kwanza na kuziacha nyingine kama zilivyo. Tairi la 225/45R17 lina kimo cha milimita 634 hivi. Anayenunua 245/45R17 amepata upana wa milimita 20 zaidi, lakini tairi limepanda hadi milimita 652, ongezeko la karibu asilimia tatu. Mshale wa mwendo ukisoma 80, gari linakwenda kasi zaidi ya 82 kuliko lilivyokuwa likienda kwa matairi ya awali. Kwa kuwa mishale mingi hutiwa chumvi kidogo kiwandani, tofauti hiyo peke yake haitampeleka dereva mahakamani. Ubaya wake mkubwa uko ndani ya madigadi, ambako tairi refu huanza kusugua.

Ndiyo maana upana ukiongezeka, namba ya pili hupunguzwa. Tairi la 245/40R17 lina kimo cha milimita 628, pungufu kwa asilimia moja tu. Kwa hesabu ya kimo linafaa. Kwa hesabu ya rimu, mambo ni mengine. Tairi hilo limekusudiwa rimu yenye upana wa kuanzia inchi 8 hadi 9.5, ilhali rimu za STI za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina inchi 7.5. Tairi likibanwa kwenye rimu nyembamba, mabega yake huvutwa ndani, kashata za katikati hubeba kazi kubwa na kulika mapema, na kwenye kona ubavu hulegea. Dereva amelipia upana ambao barabara haiuoni.

Kwa rimu ya inchi 7.5, chaguo la busara ni 235/45R17, ambalo huongeza kimo kwa asilimia moja na nusu hivi. Anayetaka 245/40 anunue na rimu zake. Hapo pia tahadhari inahitajika: STI za kuanzia toleo la 2005 zina rimu ya inchi 8, lakini nati zake tano zimepangwa kwenye duara la milimita 114.3, wakati za awali ziko kwenye duara la milimita 100. Kwa macho rimu hizo hufanana. Haziingiliani, na fundi anayependekeza kupanua matundu ili ziingie aachwe na kazi yake.

Baada ya kufunga, usukani uzungushwe hadi mwisho kila upande, gari likiwa na abiria wanne ndani. Tairi ambalo halikugusa shokapu wala madigadi gari likiwa tupu linaweza kugusa likiwa limeshiba. Jambo jingine linahusu Subaru kwa namna ya pekee: magurudumu yake manne yote huvutwa na injini, hivyo matairi yote manne sharti yawe ya kipimo kimoja, aina moja na kashata zilizolika kwa kadiri moja. Kununua mawili mapya ya nyuma na kuacha vipara mbele ni kuitwisha difu ya katikati kazi isiyokwisha, na difu hiyo ni ghali kuliko matairi.

Tairi pana haliongezi mguso na barabara kwa kiasi watu wanachodhani. Eneo linalogusa ardhi hutegemea zaidi uzito wa gari na upepo uliojazwa. Upana hubadili umbo la eneo hilo, likawa pana na fupi. Kwenye kona kavu hilo ni faida. Kwenye lami iliyotuama maji ni hasara, kwa sababu tairi pana huelea upesi zaidi. Pia hufuata mabonde yanayoachwa na magurudumu ya malori, na usukani ukavutwa huku na huko.

Kuelekea magharibi, njia ya zamani ya misafara ya Ujiji, inayopita Urambo na Uvinza, imejengewa lami kipande kwa kipande. Kwa safari za upande huo ushauri ni kinyume. Wapenzi wa Subaru hukumbuka ushindi wa Colin McRae katika Safari Rally ya mwaka 1997 na wa Richard Burns mwaka 2000, wote wakiwa na Impreza. Wachache huyatazama matairi. Kwenye changarawe magari ya mashindano hayo huvaa rimu ya inchi 15 na tairi jembamba lenye ubavu mrefu. Rimu ya inchi 18 na tairi pana huwekwa kwa ajili ya lami. STI ya mtaani haiwezi kuiga hilo kikamilifu, maana breki zake za Brembo haziingii ndani ya rimu ya inchi 15. Inaweza kubaki na 225/45 badala ya kupanda.

Wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 walibeba mizigo ya zaidi ya kilo 30, na uzito ulijulikana kabla ya safari kuanza. Tairi nalo limeandikwa mzigo wake ubavuni. Alama 91W ina maana ya kilo 615 kwa kila tairi na mwendo usiozidi kilometa 270 kwa saa. H hukomea 210. Tairi jipya lisiwe na alama ya chini kuliko lile la kiwandani, hata likiwa pana zaidi.

Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari lililotoka Japani linaweza pia kuja na matairi ya theluji, yenye mpira laini unaolika haraka kwenye lami ya moto. Hayo yaondolewe mapema, hata yakionekana mapya.

Limebaki tairi la akiba. La STI ni jembamba, la muda tu, halipaswi kuzidi kilometa 80 kwa saa, na hujazwa upepo wa paundi 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida. Kutoka Tabora hadi Manyoni ni kilometa 260 hivi. Anayefunga kipimo kisichopatikana kwa urahisi madukani anunue matano, na la tano alibebe kwenye buti.